Miguu inawaka moto baada ya kemo: je, sindano za Kichina zinasaidia?

Tuanze na mfano. Mama mmoja wa Msangeni amemaliza dawa za saratani ya matiti. Daktari amemwambia mambo yanaenda vizuri. Nywele zimeanza kuota, hamu ya kula imerudi, na nyumbani wamemshukuru Mungu. Lakini usiku halali. Nyayo zinawaka kama amekanyaga majivu ya moto. Vidole vya mikono vina ganzi, na asubuhi hawezi kufunga vifungo vya blauzi. Juzi alitoka shambani akafika nyumbani na kandambili moja. Nyingine ilimvuka njiani asijue.

Watu wa nyumbani kila mmoja ana lake. Mume anaogopa kwamba saratani imerudi. Jirani ananong'ona kwamba mama ametegewa kitu akakikanyaga. Shemeji aliyeko Dar es Salaam amepiga simu: kuna tiba ya sindano za Kichina, uzeni ng'ombe mama aje. Naye mama mwenyewe, kliniki ikifika, hamwambii daktari chochote kuhusu miguu. Anaona ni kukosa shukrani kulalamikia nyayo wakati amepona saratani.

Mama huyu ni wa mfano tu, lakini hali yake wanayo wengi. Katika makala hii tutaeleza maumivu hayo yanatoka wapi, sindano za Kichina zinaweza nini na haziwezi nini, na nini ufanye kabla ya kuuza ng'ombe.

Maumivu haya yanatoka wapi?

Tiba kemikali, ambayo wengi tunaiita kemo, ni dawa zinazoua chembe za saratani. Shida ni kwamba baadhi ya dawa hizo hujeruhi pia mishipa ya fahamu. Hii si mishipa ya damu. Ni nyuzi nyembamba zinazopeleka habari kati ya mwili na ubongo: hapa pana moto, hapa pana mwiba, hapa chini ni jiwe.

Dawa zinazojulikana zaidi kwa kuleta shida hii ni paklitakseli na dosetakseli, ambazo hutumika kwa saratani ya matiti na nyinginezo. Sisiplatini, ambayo mara nyingi hutolewa pamoja na mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi. Oksaliplatini, kwa saratani ya utumbo mpana. Na vinkristini, kwa saratani za damu na za tezi, hata kwa watoto. Paklitakseli hutumika pia kwa saratani ya ngozi inayoitwa Kaposi, inayowapata zaidi watu wenye virusi vya UKIMWI.

Kwa nini shida huanza miguuni? Sisi wa Upare tunaweza kulielewa hili kwa kutazama mifongo yetu. Ndiva ikijaa vizuri na mfongo ukiwa mzima, maji hufika hadi shamba la mwisho kule chini. Mfongo ukianza kuvuja au kuziba, nani hukosa maji kwanza? Ni mwenye shamba la mwisho. Mishipa ya fahamu iko hivyo. Mzizi wake uko karibu na uti wa mgongo, na chakula chake husafiri ndani ya vijibomba vidogo sana hadi kwenye ncha. Mshipa mrefu kuliko yote ni ule unaofika kwenye vidole vya miguu. Paklitakseli na vinkristini huharibu vijibomba hivyo. Sisiplatini na oksaliplatini hujeruhi zaidi ule mzizi wenyewe. Kwa vyovyote vile, ncha ndizo zinazoteseka kwanza: vidole vya miguu, nyayo, kisha vidole vya mikono. Ndiyo maana mgonjwa husema anahisi kama amevaa soksi na glavu wakati hajavaa kitu.

Mshipa uliojeruhiwa hufanya makosa ya aina mbili. Mara nyingine hunyamaza, na hiyo ndiyo ganzi. Mara nyingine hupiga kelele bila sababu, na huko ndiko kuungua, kuchomachoma kama sindano, au shoti ya umeme. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja: hahisi mwiba ulioingia, lakini shuka likigusa nyayo anashtuka kwa maumivu.

Kwa hiyo, kwa mama wa mfano wetu, ganzi na moto wa miguu yote miwili ulioanza wakati wa kemo si ushahidi kwamba saratani imerudi. Wala si mtego wa mtu. Ni jeraha lililoachwa na dawa iliyomponya. Hata hivyo, daktari ndiye wa kuthibitisha, kwa sababu ganzi ina sababu nyingine pia: kisukari, upungufu wa vitamini B12, pombe nyingi, virusi vya UKIMWI, au dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi. Mtu mwenye kisukari aliyepewa kemo anaweza kuwa na sababu mbili kwa mpigo, na ile ya kisukari ina tiba yake.

Je, yataisha?

Kwa wengi hupungua. Mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 31 zenye wagonjwa 4,179. Mwezi mmoja baada ya kumaliza kemo, karibu wagonjwa 68 katika kila 100 walikuwa na shida hii ya mishipa. Baada ya miezi mitatu walikuwa 60. Baada ya miezi sita au zaidi walikuwa 30.

Hesabu hiyo ina mafundisho mawili. Kwanza, huko peke yako. Pili, wengi hupata nafuu kwa muda tu, bila tiba ya pekee, kwa sababu mishipa hujikarabati polepole. Kumbuka jambo hili la pili, maana tutalirudia tukifika kwenye sindano.

Kuna jambo moja linalowatisha watu. Kwa sisiplatini na oksaliplatini, ganzi inaweza kuendelea kuongezeka kwa miezi kadhaa baada ya dawa kusimama. Mtu hudhani ugonjwa mpya umeingia, kumbe ni dawa ileile ikimalizia athari zake.

Kama bado uko kwenye kemo, mwambie daktari mapema, hata kama ni ganzi ndogo ya ncha za vidole. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kusogeza tarehe au kubadilisha dawa. Hiyo ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote ya kuzuia shida isiwe kubwa. Lakini usiache dozi kimyakimya ukakaa nyumbani. Ukiacha mwenyewe, unaipa saratani nafasi.

Sindano za Kichina ni nini?

Tiba hii huitwa akupancha. Mtaalamu huchoma ngozini sindano nyembamba sana, nyembamba kuliko ile ya kutolea damu. Haina tundu na haina dawa ndani. Huchomwa kadhaa, miguuni, mikononi na sehemu nyingine, kisha mgonjwa hulala ametulia kwa dakika 20 hadi 30 ndipo zitolewe. Baadhi ya wataalamu huunganisha sindano na umeme mdogo. Wengi husema wanahisi kama kuchunwa kidogo au uzito, si maumivu makali.

Si sawa na kuchanjwa chale. Chale ni kukata ngozi kwa wembe na kupaka dawa. Akupancha haikati na haipaki kitu. Tunalisema hili kwa sababu mtu aliye kwenye kemo hapaswi kabisa kuchanjwa: kinga yake iko chini, na kidonda kidogo kinaweza kumletea maambukizi makubwa.

Wachina wameitumia tiba hii kwa zaidi ya miaka 2,000, wakieleza kwamba inarekebisha mwendo wa nguvu ya uhai mwilini. Wanasayansi wa leo huieleza kwa njia nyingine. Sindano huamsha mishipa ya fahamu, na ubongo hujibu kwa kutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Pia damu huongezeka mahali palipochomwa. Maelezo hayo yana msingi, ingawa hayajamaliza maswali yote.

Kwa Tanzania tiba hii si ngeni sana. Madaktari wa kwanza kutoka China walifika Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968. Hadi leo wale wa Bara hutoka jimbo la Shandong, na wa Zanzibar hutoka jimbo la Jiangsu. Wazee wengi hukumbuka "madaktari wa Kichina" kwenye hospitali za mikoa, na katika vikundi hivyo wamekuwapo wataalamu wa sindano. Mwaka 1987 Muhimbili ilianza ushirikiano na wataalamu wa tiba ya asili ya China kuhusu wagonjwa wa UKIMWI. Baadaye, miaka ya 1990, kliniki za watu binafsi za dawa za Kichina ziliongezeka Dar es Salaam. Kwa hiyo shemeji aliyepiga simu hakusema jambo la ajabu. Swali ni kama linafaa kwa miguu hii ya mama.

Tafiti zinasema nini?

Mwaka 2019 watafiti wa Hong Kong walitoa matokeo ya wagonjwa 87 wenye shida hii ya mishipa baada ya kemo. Waliochomwa sindano mara mbili kwa wiki, kwa wiki 8, walipata nafuu kubwa zaidi ya maumivu kuliko walioendelea na matunzo ya kawaida.

Mwaka 2020 watafiti wa Boston, Marekani, walifuatilia wanawake 40 waliotibiwa saratani ya matiti. Waliopata sindano mara 18 ndani ya wiki 8 waliripoti kupungua kwa ganzi na maumivu kuliko waliokuwa bado wanasubiri zamu yao.

Mwaka huohuo, New York, watafiti waligawa wagonjwa 75 katika makundi matatu: wenye sindano za kweli, wenye sindano za kuigiza, na wasiopewa sindano kabisa. Kundi la sindano za kweli lilipata nafuu kuliko lile lisilopewa kitu. Lakini utafiti ulikuwa mdogo mno kuonyesha kwa uhakika tofauti kati ya sindano za kweli na za kuigiza.

Kwa nini watafiti wanahangaika na sindano za kuigiza? Kwa sababu mtu akitunzwa, akasikilizwa, akalazwa mahali patulivu na akatumaini, maumivu hupungua hata kama hakupewa kitu chenye nguvu. Na kama tulivyosema, mishipa mingi hupona yenyewe kwa muda. Ukichomwa sindano miezi miwili ukapata nafuu, unajuaje kwamba si ile miezi miwili yenyewe iliyokuponya? Ndiyo maana watu huwekwa kwenye makundi na kulinganishwa.

Tazama tena hesabu za tafiti hizo: 87, 40, 75. Ni watu wachache. Kwa sababu hiyo mwongozo wa chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, uliotolewa mwaka 2020, haukupendekeza akupancha kama tiba ya kawaida ya shida hii. Ulisema dalili ni nzuri na madhara ni machache, lakini tafiti kubwa zaidi zinahitajika.

Usichanganye maumivu, maana jibu hubadilika. Kuna wanawake wanaomeza vidonge vya kupunguza homoni baada ya saratani ya matiti, na vidonge hivyo huwaletea maumivu ya viungo: magoti, vifundo, vidole kukakamaa asubuhi. Kwa maumivu hayo ushahidi wa sindano ni imara zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 ulikuwa na wanawake 226 na matokeo yalikuwa mazuri. Kichefuchefu cha kemo nacho: tangu mwaka 1997 jopo la wataalamu wa Marekani lilikubali kwamba akupancha husaidia. Kwa hiyo mtu akikuambia "sindano zilinisaidia", muulize kwanza: zilikusaidia nini?

Kwa ufupi: kwa moto na ganzi ya kemo, sindano zinaweza kupunguza makali kwa baadhi ya watu. Hakuna ushahidi kwamba zinaponya mshipa uliokufa. Na hazitibu saratani. Mtu yeyote anayekuambia sindano zake zitachukua nafasi ya kemo, upasuaji au mionzi, ondoka kwake siku hiyohiyo.

Dawa za hospitali je?

Watu wengi humeza panadol au diklofenaki kwa maumivu haya wakaona hazifanyi kazi. Si ajabu. Dawa hizo ni za maumivu ya uvimbe na majeraha, si za mshipa wa fahamu unaopiga kelele.

Dawa yenye ushahidi bora kwa maumivu ya mishipa baada ya kemo inaitwa dulosetini. Mwaka 2013 ilijaribiwa kwa watu 231. Kati ya kila 100 walioimeza, 59 walisema maumivu yamepungua. Kati ya kila 100 waliomeza vidonge visivyo na dawa, 38 nao walisema yamepungua. Unaona ile nguvu ya matumaini tuliyoitaja? Na unaona pia kwamba hata dawa iliyo bora haimsaidii kila mtu.

Madaktari wetu hutumia pia amitriptilini, ambayo ni ya zamani na ya bei nafuu, au gabapentini. Ushahidi wake kwa shida hii ya kemo ni mdogo kuliko wa dulosetini, lakini wapo wanaopata usingizi kwa sababu yake. Zote huandikwa na daktari. Huleta usingizi na kizunguzungu, na kwenye njia zetu za mteremko kizunguzungu ni hatari. Usiazime kidonge cha jirani.

Tahadhari kuhusu vidonge vya "kuondoa ganzi" vinavyouzwa madukani. Vingi ni vitamini B. Kama mwili wako hauna upungufu wa vitamini hizo, havitarudisha mshipa ulioharibiwa na kemo. Na vitamini B6 nyingi kupita kiasi, kwa muda mrefu, yenyewe huleta ganzi. Kuna kirutubisho kingine kinachoitwa asetili-L-kanitini: mwaka 2013 kilijaribiwa kuzuia shida hii kikaonekana kuizidisha. Mwonyeshe daktari kila kitu unachomeza, na majani ya kuchemsha pia.

Hesabu ya kushuka mlimani

Sasa turudi kwa ng'ombe wa mama.

Katika tafiti tulizotaja, wagonjwa walichomwa mara nyingi. Mara mbili kwa wiki kwa wiki 8 ni safari 16 za kwenda na 16 za kurudi. Tuseme amepatikana mtaalamu Moshi. Piga nauli ya kutoka Msangeni kushuka hadi Mwanga mjini, kisha karibu kilomita 50 hadi Moshi, kisha kurudi. Zidisha kwa 16. Kama anahitaji msindikizaji kwa sababu miguu haina nguvu, zidisha tena kwa mbili. Ongeza malipo ya kila kuchomwa. Ongeza chakula cha njiani, na siku 16 za kazi zilizopotea. Kama ni Dar es Salaam, ni miezi miwili ya kukaa kwa ndugu.

Hatusemi usiende. Tunasema pesa hiyo ipangiwe. Kitu cha kwanza cha kulipia ni miadi ya kliniki ya saratani, iwe KCMC Moshi au Ocean Road Dar es Salaam. Kuna familia iliyotumia nauli yote kwenye tiba ya pembeni, siku ya kwenda kupimwa ikakosa hela. Huko ni kuacha mbachao kwa msala upitao. Cha pili ni dawa ya maumivu aliyoandika daktari, itumike vizuri kwa wiki kadhaa ionekane. Cha tatu ni viatu vizuri. Vikishatimia hivyo, na maumivu bado yanakunyima usingizi, na nauli ipo, au unakaa mjini kwa sababu nyingine, hapo sindano ni jambo la busara kulijaribu.

Ukianza, weka siku ya kupima. Kabla ya sindano ya kwanza, yape maumivu yako namba kutoka 0 hadi 10. Sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni maumivu usiyoweza kuyavumilia. Andika. Baada ya wiki nne, tazama tena. Kama ilikuwa 7 na sasa ni 4 na unalala, endelea. Kama ilikuwa 7 na bado ni 7, simama. Hujashindwa, umejua tu kwamba kwako haifanyi kazi, na ng'ombe wa pili amebaki zizini.

Ukiamua kwenda: mambo ya kuuliza

Kwanza, mwambie daktari wako wa saratani kabla hujachomwa. Kama uko kwenye kemo, anahitaji kutazama damu yako. Chembe nyeupe zikiwa chache, tundu dogo linaweza kuingiza maambukizi. Chembe za kugandisha damu zikiwa chache, unaweza kuvuja damu. Ukiwa na homa, usiende kabisa kwenye sindano, nenda hospitali.

Pili, muulize mtaalamu kama amesajiliwa. Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ndilo linalosajili watoa huduma. Omba kuona cheti. Mtu mwaminifu hakasiriki kuulizwa.

Tatu, tazama sindano. Zifunguliwe mbele yako kutoka kwenye pakiti mpya, zitumike mara moja, kisha zitupwe kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali. Sindano iliyotumika kwa mtu mwingine inaweza kukuletea homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Hapa hakuna kuona haya.

Nne, kama uliondolewa tezi za kwapani upande mmoja wakati wa upasuaji wa titi, mwambie asichome mkono wa upande huo, hasa kama umevimba. Asichome pia kwenye kidonda, kwenye uvimbe, wala kwenye ngozi iliyoungua kwa mionzi. Kama unameza dawa za kuyeyusha damu, au una kifaa cha moyo kifuani, sema.

Tano, kataa moto. Baadhi ya wataalamu hupasha ngozi kwa majani yanayowaka. Miguu yenye ganzi haihisi joto likizidi. Unaweza kuungua ukiwa umelala unatabasamu.

Yanayowezekana nyumbani, bila nauli

Haya hayana sifa kama sindano, lakini ndiyo yanayozuia mtu asivunjike nyonga au asipate kidonda kisichopona.

Kagua nyayo kila jioni, na katikati ya vidole. Kama huoni vizuri, mwite mtoto akutazamie. Mwiba ambao mguu haukuuhisi utauona kwa macho.

Vaa viatu vya kufunika, vyenye soli ngumu isiyoteleza, na uvikung'ute kabla ya kuvaa. Kandambili humvuka mwenye ganzi bila yeye kujua.

Pima maji ya kuoga kwa kiwiko au mwombe mwingine akupimie. Asubuhi za baridi za mlimani, usiiweke miguu karibu na mafiga ili ipate joto, vaa soksi.

Mwenye vidole vya ganzi asishike sufuria la moto bila kitambaa kizito. Kisu na panga, mwachie mwingine kwa sasa.

Usiku tumia tochi ya simu hata kama njia unaijua tangu utoto. Miguu yenye ganzi hutegemea macho ili ijue ilipo. Ukizima taa, unayumba. Fimbo nayo si aibu.

Fanya mazoezi. Tembea kila siku kadiri unavyoweza. Shika meza au ukuta, simama kwa vidole vya miguu, shuka, rudia mara kumi. Simama kwa mguu mmoja ukiwa umeshika kitu. Kwa mikono, chambua maharage, kunja na kunjua kitambaa. Mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara yameonyesha dalili nzuri kwa watu wenye shida hii, na hayagharimu kitu.

Usisubiri kliniki ukiona haya

Nenda hospitali siku hiyohiyo kama miguu inaishiwa nguvu ghafla, kama umeanza kushindwa kuzuia mkojo au choo, au kama una maumivu mapya makali ya mgongo pamoja na udhaifu wa miguu. Hizo zinaweza kuwa dalili za uti wa mgongo kubanwa, na kila saa ina thamani. Nenda pia haraka kama ganzi imeshika upande mmoja tu wa mwili, au mdomo umepinda, au mguu una kidonda kinachonuka au kuvimba. Na mtu aliye kwenye kemo akipata homa, hata usiku, asingoje kukuche.

La kumwambia daktari

Mama wa mfano wetu hakumwambia daktari kwa kuona haya. Wewe ukienda, sema hivi: vidole gani vina ganzi, imeanza baada ya dozi ya ngapi, maumivu ni namba ngapi usiku na namba ngapi mchana, na kazi gani huwezi tena. Sema habari ya vifungo vya blauzi. Sema habari ya kandambili iliyokuvuka. Daktari akisikia kwamba kiatu kinatoka mguuni bila wewe kujua, anaelewa mara moja ukubwa wa tatizo, kuliko ukisema tu "miguu inanisumbua".

Kisha muulize: nina sababu nyingine ya ganzi, kama kisukari? Kuna dawa ya mishipa inayonifaa? Kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo hapa? Na sindano za Kichina, kwa hali ya damu yangu, naweza kujaribu?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kulalamikia miguu baada ya kupona saratani si kukosa shukrani. Umepona ili uishi, nawe unahitaji miguu ya kushukia shambani na kurudi.